Fundi Kalafati na Tukutuku Lake

Wewe nakuamini. Ukiambiwa neno hulikati mkia wala huliongezi pembe, ndiyo maana nakusogezea kigoda ukae, nikupe habari za jirani yetu mmoja wa hapa Nyamisati. Jina lake silitaji. Yu hai, alhamdulillahi, na hapendi kusemwa isipokuwa akijisema mwenyewe. Siye sote tunamwita Fundi Kalafati, na hilo linatosha.

Kama hukukulia pwani, kalafati ndiyo kazi ya kuziba nyufa za chombo. Unasokota pamba, unaichovya kwenye mafuta, unaishindilia katikati ya mbao kwa patasi na nyundo, kisha unapaka deheni juu yake, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, maji yasipate pa kuingilia. Pamba yake nilikuwa nikimsokotea miye, tangu Zuhura wangu ananyonya mpaka akaolewa. Kwa hiyo haya nisemayo nimeyaona kwa macho, na ambayo sikuyaona nimeyapata kwa mkewe, ambaye ni shoga yangu na hajui kunificha.

Duniani Fundi alikuwa na adui mmoja tu, naye ni tundu. Akiingia nyumbani kwako, kabla hajapokea kahawa, macho yake yamekwisha zunguka kuta zote. Akiona tundu, kidole kimo. Siku moja alikuja kuchukua pamba, nikamwacha jikoni nikaenda kuswali Magharibi. Niliporudi kanizibia tundu la ukuta kwa udongo, safi kabisa, kalisawazisha kwa kiganja.

"Fundi, lile lilikuwa tundu la moshi!"

"Tundu ni tundu, Mama Zuhura. Leo moshi, kesho nyoka."

Nilikohoa mpaka Isha.

Misemo yake yote ilikuwa ya maji. "Maji hayana adabu," alikuwa akisema, "yakiona mlango hayapigi hodi." Ukimwuliza chombo gani kizuri, cha Mafia au cha Salale, atakujibu, "Kizuri ni kile ambacho nahodha wake anapata usingizi." Lakini yeye mwenyewe kuogelea hajui! Mtu mzima, kazeekea kwenye vyombo, hajawahi kuingia maji yanayompita kiuno. Ukimvusha kwenda ng'ambo anakaa katikati ya mtumbwi, kashika ubao huku na huku, anasoma Yasini kwa sauti mpaka mguu ukanyage tope. Na nyumba yake, ya mtu anayewazibia wenzake vyombo, ilikuwa inavuja. Masika ikiingia mkewe anapanga masufuria sakafuni kama anafungua duka.

"Mume wangu, paa!"

"Paa si chombo, bibie. Paa ni kazi ya watu wa makuti."

Akishika nyundo alikuwa mtu mwingine. Nyundo yake ilikwenda na dhikri. La ilaha, nyundo. Illallah, nyundo. Ukipita pembeni hujui kama anafanya kazi au anaabudu, na nadhani hata yeye hakuona tofauti. Niliipenda sana sauti ile, ilinifanya nami nimkumbuke Mola wangu huku mikono iko kwenye pamba.

Tena alikuwa na sharti: mshono haukatizwi. Ukiuanza mshono wa kalafati unaumaliza, maana pamba iliyoshindiliwa leo na ile ya kesho hazishikani, na pale zinapokutana ndipo maji yatakapopita. Sharti jema kwa chombo. Kwa wanadamu lilimtia tabuni. Ijumaa aliingia msikitini hotuba ya pili, kipande cha pamba kiko nyuma ya sikio. Harusini alikuta watu wamekwisha kula, wananawa. Tulizoea, tukawa tunacheka tu, "Fundi ana mshono."

Mpaka mama mkwe wake alipofariki.

Mkewe ni mtu wa Mahege, kwa wakulima wa mpunga. Habari ya msiba ililetwa hapa na lori linalobeba boriti, na shoga yangu akapanda lori lile lile lilipogeuza. Akamwambia mumewe, "Twende." Fundi akasema, "Tangulia, namalizia mshono huu." Wallahi nia yake ilikuwa njema. Lakini mshono ukazaa mshono. Mashua ilikuwa ya kushushwa kwa maji ya bamvua, yale makubwa, ukiyakosa unangoja mpaka mwezi ugeuke, na nahodha akamsihi, naye akasihika. Alipotia mguu njiani marehemu alikwisha zikwa. Alipofika Mahege, baada ya kutembea na kulala njiani, hitima imesomwa, mikeka imekunjwa, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe. Akamkuta mkewe anafagia uwanja.

"Umekuja kuzika ufagio?" mkewe akamwuliza.

Hakurudi naye. Alisema mbele ya kaka yake, "Siwezi kuishi na mume ambaye msiba wangu kwake ni kiporo." Na yule kaka, mtu wa maneno machache, akasema, "Shemeji, hatukufukuzi. Lakini mpunga huu unaouona shambani ukishaingia ghalani, kama mambo yatakuwa haya haya, tutakutana kwa kadhi Utete, utuandikie talaka yetu kwa heri."

Fundi akarudi peke yake. Miye nilikuwa upande wa shoga yangu, na nilimwambia Fundi hivyo usoni. Pamba nikaendelea kumsokotea, maana haki ya jirani haisimami kwa sababu umemkasirikia. Nyundo yake ikawa inalia lakini dhikri siisikii vizuri. Akawa anasahau hata kula.

Basi siku moja mvua imekatika, namwona anakuja mbio mbio, anacheka.

"Mama Zuhura, dawa nimeipata!"

"Dawa ya nini?"

"Ya kuchelewa. Tukutuku!"

Nikamwombea kimoyomoyo, nikadhani akili imemruka. Tukutuku ndiyo hiyo mnayoita pikipiki. Lilikuwako moja kwenye banda la boriti, la Mzungu wa misitu aliyekuwa akija kukagua mikoko. Lilimgomea, akaliegemeza bandani, akaenda kwao likizo na hakuonekana tena. Masika ngapi zimelinyeshea sijui. Lilikuwa jekundu kwa kutu kama gome la mkoko, matairi yamekauka yakapasuka, na kuku anaatamia kwenye kiti. Msimamizi wa banda alimwambia, "Nizibie mtumbwi wangu, ulichukue. Ila ngoja kuku aangue." Akangoja. Vifaranga walipotoka, akalisukuma mpaka kwake, na mama kuku nyuma anamtukana.

Fundi hakuwahi hata kulishika tukutuku pembe zake. Pale kwenye tangi palikuwa na herufi, akaniita nimsomee kwa kuwa nilikuwa nakwenda darasa la jioni. Nikazisoma moja moja, tukaziunga, zikawa za Kizungu. Tulipomaliza tulikuwa tunajua herufi, tukutuku hatulijui.

Basi akalitazama kwa macho yake aliyoyazoea. Kwake yeye kitu kikiharibika maana yake kinavuja. Na mafundi wa vyombo wa huku kwetu wakitaka kujua chombo kinavuja wapi, hukijaza maji kikiwa nchi kavu, wakazunguka nje wakatazama panapotona. Ndivyo alivyofanya. Alilitia tukutuku maji kila penye mlango: tangini, kwenye mashine, mpaka bomba la moshi. Kisha akachuchumaa na kipande cha mkaa, anatia alama kila panapotoka tone.

Dereva wa lori la boriti, mtu wa Darisalama mwenye mdomo, ndiye aliyemkuta katika hali hiyo.

"Mzee wangu, unafanya nini?"

"Natafuta panapovuja."

"Umelinywesha maji? Ala! Hilo ni tukutuku, si punda!"

Tulicheka hadi tukashika mbavu. Fundi alinuna, halafu akauliza, "Basi nifanyeje?" Hapo ndipo nilipomwona uzuri wake. Mtu aliyekuwa fundi mbele ya manahodha wote wa delta alikuwa haoni haya kuwa mwanafunzi. Kila lori likija, wapakizi wanapakia boriti, yeye yuko kwa dereva na swali mkononi: chuma hiki kinaitwaje, hiki kinaogopa nini.

Dereva akamwambia alifungue lote akaushe. Akafungua. Na kila kilichofunguka alikitunga kwenye ukambaa, kimoja baada ya kimoja, kama mtungo wa samaki, ili wakati wa kurudisha aanzie mwisho wa kamba. Vyuma vikaanikwa jamvini uwanjani kwake.

"Fundi, kamba wa leo wana magamba magumu!" wapita njia wakamtania.

"Kitoweo cha shemeji hicho," akajibu.

Chuma kile kinachopanda na kushuka ndani ya mashine, dereva anakiita pistoni, kilikuwa kimeng'ang'ania kwenye nyumba yake. Fundi akakimiminia mafuta ya taa na sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka vyombo, akayaacha yapenye. Kisha kila baada ya Alasiri anaweka kijiti cha mkoko juu yake, anagonga kwa nyundo ya kalafati, pole pole. La ilaha, nyundo. Illallah, nyundo. Siku moja nikasikia dhikri imekatika katikati. Nikatupa pamba nikakimbia, nikijua mtu kaanguka. Nikamkuta kakaa chini, machozi yanamtoka.

"Kimeshuka, Mama Zuhura. Kimeshuka kama mtu aliyesamehe."

Mengine alijifunza kwa maumivu. Dereva alimfundisha kuitazama plagi kama inatoa cheche, lakini alisahau kumwambia asiishike kwa vidole vilivyoloa. "Astaghfirullahi, kumbe kiko hai!" Akakipa salamu. Ile sifa nayo haikuisha harufu. Paka wote wa Nyamisati wakahamia uwanjani kwake, wanalizunguka tukutuku, wanalilamba.

Tangi lilimsumbua kuliko vyote. Alizipaka nyufa zake deheni, na petroli ilipoingia ikainywa deheni ile kama uji. Dereva akamwambia, "Sabuni ya mche, mzee wangu. Petroli haili sabuni." Loo, furaha ile! Alichukua mche mzima akaziba kila palipokuwa na uwazi. Nilikuwapo akimalizia. Hata kile kitundu cha juu ya kifuniko cha tangi, kidogo kama cha sindano, alikisawazisha kwa ukucha.

"Huyu Mzungu alikuwa mvivu," akaniambia. "Kaacha tundu mpaka kwenye kifuniko."

Dereva akamletea matairi yaliyochoka kutoka Darisalama, cheni ikachemshwa kwenye mafuta, na asubuhi moja likawaka. Subhanallahi, mlio! Mbuzi walikata kamba, imamu katoka kibarazani na kandambili moja. Fundi akapanda, kanzu kaipandisha magotini, akaondoka anayumba. Akafika kisimani, likazima. Akapiga teke, kimya. Akafungua kifuniko kutazama kama petroli ipo. Ipo. Akafunga, akapiga teke, likawaka. Akaenda mwendo ule ule, likazima tena. Akafungua, akatazama, akafunga, likawaka. Siku nzima ikawa hivyo. Watu wakasema ni shetani wa kisimani, lakini shetani gani anayehama na mtu?

Na dereva alikuwa kaenda Darisalama, lori lake bovu, hajulikani atarudi lini. Na Mahege wameanza kuvuna.

Akaja kwangu kainama. "Nifanyeje, Mama Zuhura?"

"Nenda nalo hivyo hivyo," nikamwambia. "Anayekwama njiani angalau yuko njiani." Nikamfungia mkate wa kumimina, nikamsomea dua.

Safari yenyewe kanihadithia shoga yangu. Anasema yeye alikuwa kibarazani kwa kaka yake anashona mkeka, akapita mtu wa baiskeli: "Mumeo anakuja na tukutuku! Yuko darajani, kakwama." Baadaye mwingine: "Mumeo yuko kwenye mihogo, kakwama." Kila baiskeli iliyompita Fundi ilileta habari yake mbele, hata alipotokea mwenyewe nusu ya Mahege imeacha mundu imejipanga njiani kama ya kumpokea bwana harusi. Akaingia uwanjani kwa kishindo, vumbi, harufu ya papa, na pale pale mbele ya shemeji yake, likazima.

"Shemeji," kaka mtu akasema, "umefika, au hapa pia umekwama?"

Fundi akashuka. Akafungua kifuniko, likavuta pumzi, fyuu. Akafunga. Shoga yangu akaweka mkeka chini.

"Hebu fungua tena. Kila likizima wafanya hivyo?"

"Kila likizima."

"Kisha linakwenda?"

"Linakwenda."

"Wewe mwanamume, debe la mafuta ukilitoboa tundu moja tu, linamimina?"

"Linakwamakwama. Mpaka utoboe la pili, upepo uingie..." Akakitazama kifuniko kama mtu aliyeonyeshwa jambo lake baya.

Shoga yangu akainuka na ile sindano ya kushonea mkeka, akaichoma sabuni ile ikatoboka. "Haya, zunguka."

Akazunguka uwanja. Akazunguka ghala. Akazunguka Mahege nzima, watoto nyuma, likawa halizimi tena, na shoga yangu alicheka mpaka akashika nguzo. Fundi alipomwona anacheka akajua kasamehewa. Akasimamisha, akapangusa kiti kwa kilemba.

"Panda basi, bibie."

Shoga yangu akaacha kucheka. "Umejitahidi, mume wangu, na Mungu ameona. Lakini hatukukosana kwa ajili ya miguu. Siku ile lori lilikuwapo, tena lilikungoja, na wewe hukupanda."

Akarudi peke yake. Anasema njia nzima halikuzima hata mara moja, na hakupata raha ya kulipanda.

Siku zikaenda. Mpunga ukabaki kona moja shambani. Hapa Nyamisati palikuwa na mashua ya boriti imepandishwa kukalafatiwa, nayo ilikuwa ya kushuka alasiri ile ile, bamvua. Nimempelekea pamba, yuko katikati ya mshono, nahodha kamsimamia kichwani. Akatokea mtu wa baiskeli, kaloa jasho: mama mdogo wa shoga yangu, yule aliyebaki, amefariki Mahege alfajiri. Watazika baada ya Alasiri.

Fundi akasema, "Inna lillahi." Akanyanyua nyundo. Nikamtazama mkono, miye nikasema moyoni, yakhe, basi tena. Akaipiga patasi mara moja ikazama. Kisha akaiweka nyundo chini, akaanza kunawa.

"Fundi," nahodha akasema, "mshono haujaisha."

"Naona."

"Maji ya bamvua hayo, alasiri hii!"

"Naona."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Kuzika."

Nahodha akapiga kelele, akamwita mpumbavu, akaita watu washuhudie. Fundi alikuwa keshapiga teke. Tukutuku likawaka, akapotea kwenye mihogo, na paka wawili watatu wakamfuata mpaka mwisho wa kijiji.

Mahege, anasema shoga yangu, wanaume walikuwa ndiyo kwanza wanapima kaburi. Wakasikia mlio. Fundi akashuka, akavua kanzu, akasimama miongoni mwao na fulana imejaa deheni. Shemeji yake akamtazama, akampa jembe.

Walirudi wote wawili baada ya hitima. Kijiji kizima kilitoka kuwaona, shoga yangu kakaa kiupande nyuma ya mumewe, kanga kaifunga barabara, kashika kuku kwapani.

Sasa nikuambie la mwisho. Mwaka huu, baada ya Idi, nilikwenda Kibiti, Zuhura kajifungua. Nikawakuta wawili hao wamekaa kwenye benchi la mkahawa wanangoja gari. Fundi kazeeka, magoti yamemgomea, tukutuku siku hizi analiendesha shemeji. Tukanywa chai, tukapongezana kwa mjukuu. Nikakumbuka jambo ambalo sikupata kumwuliza miaka yote.

"Fundi, nahodha yule alikuwa amekasirika kweli. Kule Mahege siku ya msiba, ile mashua uliyoiacha uliiwaza hata kidogo?"

Akanyoosha shingo kwa fahari. "Hata kidogo, Mama Zuhura. Wala sikuuliza. Siku ile mashua ilinitoka moyoni kabisa."

"Mwongo!" mkewe akadakia, chai nusura imwagike. "Mwongo huyo, shoga! Katoka makaburini, mikono ina udongo, nimemletea maji anawe. Neno la kwanza kinywani mwake: 'Bibie, saa hizi maji yatakuwa yamefika wapi?'"

Fundi akatazama dari ya mkahawa. Nikacheka mpaka nikajifuta kwa kanga.

"Nawe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nawa, ule." Akammiminia mumewe chai iliyobaki kwenye birika. "Lakini alikuwa keshazika, shoga. Aliuliza keshazika."

Basi hiyo ndiyo habari ya jirani yangu, nami nimekukabidhi. Najua wako unaye mmoja, anaitwa na watu wake naye anasema namalizia hiki kidogo. Mkalishe kitako umsimulie, na yeye umwombe amsimulie wa kwake.